Mihoro ya Jumanne

Auleria hakuwahi kumlipa mtu amlimie shamba, wala hakuwahi kulipwa kwa kumlimia mtu. Jambo hili alilitaja kama wengine wanavyotaja kwamba waliwahi kubusu pete ya askofu. Ana miaka sabini na minne, mguu wa kushoto unamsumbua nyakati za mvua, na ukimkuta jikoni kwake pale Nyaishozi, kabla hujamaliza shikamoo ameshakuwekea kahawa ya kutafuna mkononi na kuanza kukueleza kwamba kumpa jirani noti ili akupalilie ni kumwambia kuwa hamjuani. Ukitaka kubisha, bisha. Lakini kahawa umeshaila.

Mambo haya hakuyatoa kitabuni. Mwaka 1975 alikuwa bibi harusi mpya kwa Rwegasira, na kijiji kilikuwa na shamba la ujamaa la mahindi kule bondeni. Msimulizi asiwe mwongo: shamba lile lilikufa. Mahindi yaliliwa na nguruwe pori na makarani, na mpaka leo wazee wanabishana nani alikula zaidi. Auleria mwenyewe alikuwa akienda kule kwa kuitwa na kengele, kama wote, na kama wote alichelewa kufika na kuwahi kuondoka.

Lakini mwaka 1979, Rwegasira akiwa mgambo vitani ng'ambo ya mpaka, Auleria alijifungua binti wa pili, homa ikamlaza wiki tano. Aliponyanyuka na kutoka nje akishika ukuta, alikuta kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kimepaliliwa. Migomba ilikuwa imepogolewa, majani makavu yametandazwa shinani, maharage yamevunwa na kuanikwa. Hakuna kengele iliyogongwa. Wanawake wa kilima kile walikuja wenyewe, kila Jumanne, wakafanya kazi na kwenda zao bila hata kumwamsha. Siku ile alilia. Akasema, kumbe ujamaa upo, ila walikuwa wameupanda mahali pabaya.

Ndipo kikundi kilipozaliwa. Wanawake kumi na wawili, Jumanne moja nyumba moja, wakizunguka kwa zamu. Aliyekufa nafasi yake ilichukuliwa na mkwe wake au binti yake. Mwaka 1983 waliuza magunia matatu ya maharage ya pamoja wakanunua mihoro sita. Muhoro ni kisu kipana chenye ncha iliyopinda, kizuri kwa kukata majani ya mgomba na kuangusha shina lililokwisha kuzaa. Mihoro ile ililala kwa Auleria kwenye kapu moja, naye ndiye aliyeinoa kila Jumatatu. Wasiopata muhoro walikuja na mapanga yao. Siku moja rafiki yake Kokuhirwa alitaka kuazima mmoja kwa kazi za harusi ya mdogo wake, Auleria akakataa mpaka wote kumi na wawili wakae na kukubali. "Muhoro hauna mwenyewe," alimwambia. "Hata mimi ninayeulaza nyumbani sina amri nao." Kokuhirwa alinuna wiki mbili, na siku ya harusi muhoro akapewa.

Ukimuuliza Auleria kikundi kimefanya nini cha maana, atakutajia Xaveria. Mwaka 1991 ukimwi ulichukua wazazi wa Xaveria wote wawili ndani ya miezi minne. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitatu na wadogo zake wawili wa kiume. Baba zake wadogo wakaja na mnunuzi, wakitaka kibanja kiuzwe na watoto wagawanywe kama sahani za msibani. Asubuhi hiyo walikuta wanawake kumi na wawili shambani, wameinama, wanapalilia, hakuna anayeinua kichwa. Mnunuzi aliuliza shamba ni la nani. Auleria akajibu bila kusimama, "La watoto hawa, na watoto hawa ni wetu." Walirudi mara tatu, na mara tatu wakawakuta wanawake wameinama. Mara ya nne hawakurudi. Kikundi kilimlimia Xaveria miaka sita mpaka akawa mtu mzima, na hadi leo anaishi pale pale, yeye na wajukuu wake wawili, naye humwita Auleria Mama.

Sasa tuje kwa Jovitus.

Jovitus ni kitindamimba wa Auleria na mtoto wake pekee wa kiume; dada zake wawili waliolewa mbali. Alizaliwa mwaka 1985, wakati ambapo dukani sabuni ilikuwa ikipangiwa foleni, na yeye husema hiyo ndiyo kumbukumbu pekee aliyorithi kutoka kwenye ujamaa, kwamba mama yake alimwogesha kwa majivu. Alikwenda Mwanza, akahangaika, akarudi na pikipiki, kisha akaanza kununua ndizi vijijini na kuzipeleka Nkwenda, zinakopakiwa kwenye malori. Baba yake alipofariki alipewa nusu ya kibanja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzungusha seng'enge.

Kwenye kilima kile hakuna aliyewahi kuona seng'enge katikati ya migomba. Wanawake walitunga wimbo wa kazi kuhusu mtu aliyefunga mgomba wake kwa minyororo akiogopa usitoroke. Jovitus alileta vibarua wa kulipwa kwa siku. Alitangaza kwamba Jumanne ya zamu yake wasihangaike kuja. Kikundi nacho kikamwondoa mke wake kwenye zamu, na aliyetoa hoja hiyo ni Auleria, mama mkwe wake.

Mama na mwana waligombana kwa miaka, mara nyingi kwa kutaniana.

"Mama, ujamaa ulikufa kabla mimi sijaota meno. Wewe bado unalala matanga."

"Maiti gani huyo analima vizuri kuliko vibarua wako?"

"Miaka arobaini ya Jumanne. Kikundi chenu kimemjengea nani nyumba ya bati? Mkono mtupu haulambwi, Mama."

"Kimezika wazazi wa watu na kulea watoto wao."

"Ndiyo hayo ninayosema. Mnajua kuzika."

Auleria alimtupia gunzi la mahindi, Jovitus akaruka na kucheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Mwaka jana mwezi wa nne, migomba ya Kokuhirwa ilianza kuwa njano. Majani yalilegea na kukunjika kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mikungu ilipevuka ingali midogo, na ndizi ukiikata ndani ilikuwa imeoza, ya kahawia. Shina ukilikata lilitoa utomvu wa njano kama usaha. Ulikuwa ni mnyauko. Miaka kumi nyuma maofisa walikuja kuzungumzia ugonjwa huo, wakang'oa migomba ya watu upande wa pili wa barabara na kutoza faini waliokaidi. Kilima cha Auleria kilisalimika safari ile. Waliosikia walikumbuka faini. Somo lenyewe hawakulikumbuka.

Kikundi kikafanya kile ambacho kimefanya tangu 1979: kikaja. Wanawake wote walikwenda kwa Kokuhirwa Jumanne hiyo na Jumanne iliyofuata. Walikata majani yaliyonyauka, wakaangusha mashina mabovu, wakafuta mihoro kwa jani la mgomba na kuirudisha kapuni. Wiki iliyofuata wakaenda nyumba nyingine kuisafisha mapema, kabla ugonjwa haujafika. Wakaona Jumanne moja haitoshi, wakaongeza Ijumaa. Auleria alisema wakati wa shida ndipo undugu unapopimwa, na hakuna aliyelalamika. Hawakuwahi kufanya kazi kwa bidii namna ile.

Mwezi wa sita ulipoisha, nyumba tisa kati ya kumi na mbili zilikuwa njano. Kibanja cha Auleria kilikuwa cha tatu kufa. Migomba aliyoikuta alipoolewa, iliyowalisha watoto wake, aliiangalia ikilala mmoja mmoja. Watoto wa kilima kile wakaanza kula ugali asubuhi na jioni, na huku kwetu nyumba inayokula ugali mara mbili kwa siku haihitaji kueleza hali yake.

Nyuma ya seng'enge, shamba la Jovitus lilikuwa kijani kibichi, mikungu inainamisha mashina.

Watu wana macho. Walianza kunong'ona kisimani, wakaendelea kilabuni, na mwisho wakasema mbele ya Auleria bila kushusha sauti: Jovitus amezindika shamba lake, ugonjwa ukifika kwenye seng'enge unarudishwa kwa wengine. Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mtu asiyejulikana alikata waya na kuangusha migomba minane ya Jovitus. Kilabuni wakasema hiyo ni salamu tu, barua yenyewe inakuja. Auleria alisikia, na la kusikitisha ni kwamba hata yeye alianza kujiuliza.

Jumapili, baada ya misa, alivuka kwenda kwa mwanawe. Jovitus alikuwa anafunga waya uliokatwa; migomba ile minane alikuwa ameshaing'oa na visiki vyake na kuifukia.

"Umefanya nini, Jovitus?"

"Nimefanya nini kuhusu nini, Mama?"

"Watu wanasema umezindika."

Jovitus alianza kucheka. Kisha akaona mama yake hacheki. "Na wewe ndivyo unavyosema?"

Jovitus aliweka koleo chini, akaingia ndani, akatoka na karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili. "Soma. Si ulipata cheti cha kisomo cha watu wazima? Soma kwa sauti."

Ilikuwa na picha. Panga linakata mgomba mgonjwa. Panga hilo hilo linakata mgomba mzima. Mgomba mzima unanyauka. Chini yake panga juu ya moto. Auleria alisoma polepole, kidole kikifuata herufi: ugonjwa hubebwa na vifaa vya kukatia, choma kifaa kwa moto kila umalizapo mgomba mmoja kabla hujagusa mwingine, usiazime wala kuazimisha panga. Akasoma tena mstari wa mwisho.

"Ugonjwa hauna miguu, Mama," Jovitus alisema. "Mmeubeba ninyi, kwenye kapu, nyumba hadi nyumba. Mngelala mkaota jua tangu mwezi wa nne, angepoteza Kokuhirwa peke yake."

Auleria alikaa kwenye gogo. Alitazama mikono yake. Mikono hiyo ndiyo iliyonoa mihoro kila Jumatatu.

Baada ya muda aligeuza karatasi. Nyuma ya picha, kwa kalamu, kulikuwa na jina: Jovitus Rwegasira, mafunzo ya wanunuzi wa ndizi, Nkwenda, tarehe 14 Machi, na sahihi yake aliyoijua.

"Machi," alisema. "Umejua tangu Machi."

Jovitus hakukana. Alisema kwanza kwamba alidhani wamesikia redioni. Halafu akaacha hilo, kwa sababu halikuwa kweli na yeye si mwongo. "Ningesema, nani angenisikia? Mliniimba kama mwendawazimu. Mkamtoa mke wangu kwenye zamu, na wewe ndiye uliyemtoa, Mama. Bepari akisema wekeni mihoro chini mngesema anataka mfe njaa. Na bei imepanda, sitakudanganya. Zamani niliwabembeleza wa Nkwenda wanunue, leo wananipigia simu wao. Nimelinda changu. Kila mtu angelinda chake hivi hivi, kilima chote kingekuwa kijani."

"Na migomba ya baba yako?"

Hapo sauti yake ilishuka. "Chakula chako kipo hapa. Sikuwahi kuwaza ulale njaa hata siku moja."

Ni kweli hakuwahi kuwaza hivyo. Auleria alijua, na hilo lilimkasirisha zaidi kuliko yote. Alitaka kumpiga kofi. Badala yake aliikunja karatasi, akaitia kwenye pindo la kitenge, akarudi kwake bila kuaga.

Nyumba mbili kati ya tatu zilizokuwa zimebaki zilianza njano wiki ile ile. Kilibaki kibanja kimoja kizima, cha Xaveria, na Jumanne ilikuwa zamu yake.

Jumatatu Auleria alimpigia simu Benitha, bibi shamba wa kata. Benitha ni mtu wa Muleba, kijana, anahudumia kata mbili kwa pikipiki moja mbovu. Alisema yuko upande wa Kyerwa, atafika Alhamisi, na kwamba kwa jina la Mungu wasikate chochote kabla yake. Auleria alifikiria kuificha mihoro, lakini kila mwanamke ana panga lake, na kila panga lilikuwa limeshinda kwenye migomba ya njano. Jioni aliipitisha mihoro yote sita kwenye moto mpaka ikawa myekundu. Alijua haitoshi. Karatasi ilisema kila mgomba, si kila wiki.

Asubuhi wakakutana penye njia ya kuingilia kwa Xaveria. Wote walikuwepo. Walikuwa wamechoka, wamekonda, na walikuwa na hamu ya kuokoa kitu kimoja kabla mwaka haujaisha. Auleria aliweka kapu chini akalisimamia.

"Leo hatuingii," alisema. "Mihoro ndiyo inayobeba ugonjwa. Mihoro na mapanga. Sisi ndio tumeusambaza."

Mmoja akacheka kicheko kifupi. Kokuhirwa hakucheka. "Nani kakwambia?"

"Nimesikia redioni."

"Redio yako haina betri tangu Pasaka."

"Benitha anakuja Alhamisi. Subirini siku mbili tu. Mwulizeni mwenyewe."

"Benitha anakuja kung'oa na kutoza, kama wale wa kwanza." Kokuhirwa alisogea karibu. Walikuwa marafiki kwa miaka hamsini, na alimsoma uso bila shida. "Ni Jovitus. Jovitus ndiye aliyekutuma useme hivi. Yeye shamba lake kijani, sisi tuambiwe tumejiloga kwa mikono yetu wenyewe. Yeye kajuaje? Amejua lini?"

Mkono wa Auleria ulikuwa kwenye pindo la kitenge, juu ya karatasi. Angeitoa, mchezo ungekwisha pale pale: picha zilieleweka hata kwa asiyejua kusoma, na kibanja cha Xaveria kingepona. Lakini wangegeuza upande wa pili. Angeweza kuchana jina, lakini jina lilikuwa mgongoni mwa picha ya panga lenyewe. Tarehe 14 Machi. Wangejua kwamba mtu mmoja aliona msiba unakuja miezi minne, akanyamaza na kuuza ndizi. Waliokuwa wamekwisha kuangusha migomba minane kwa uvumi tu wangefanya nini na ukweli? Auleria aliwahi kuona, zamani, mtu aliyedhaniwa kuharibu chakula cha kijiji. Hakufikishwa polisi. Hakufikishwa popote.

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Aliutoa mkono kwenye kitenge ukiwa mtupu.

"Nawasihi," alisema. "Niaminini mimi tu."

"Leta kapu," Kokuhirwa alisema.

"Kokuhirwa."

"Kapu si lako, Auleria. Ulinifundisha mwenyewe, nikakaa wiki mbili nikinuna. Wanaotaka tuingie?"

Mikono ikainuka. Xaveria ndiye aliyekuwa wa mwisho. Shamba lilikuwa lake na angeweza kukataa, lakini mtu aliyelelewa na kikundi anakataaje kikundi mlangoni pake? Alimtazama Auleria muda mrefu, akingoja neno moja zaidi, lolote, la kumpa nguvu ya kusema hapana. Auleria alitazama chini. Xaveria akainua mkono.

"Karibuni," alisema.

Wakalichukua kapu, wakaingia. Auleria alisimama njiani akisikia majani yakianguka. Baadaye mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea, na yeye akashika njia ya kwake akivuta mguu.

Alhamisi Benitha alikuja, akakusanya watu penye ofisi ya kijiji, akaeleza. Alikuwa na karatasi ile ile, nyingine, isiyo na jina. Wanawake walizitazama picha moja baada ya nyingine. Kokuhirwa alijifunika uso kwa khanga akakaa hivyo mpaka mkutano ukaisha. Wiki ya saba baada ya hapo, migomba ya Xaveria ilianza kulegea. Benitha alimwonyesha jinsi ya kuing'oa na kuifukia. Mpaka mwezi wa kumi kibanja kile ambacho kiliwashinda baba wadogo na mnunuzi wao kilikuwa udongo mtupu, na Xaveria alikuwa anakwenda Mabira kulima mashamba ya watu kwa kutwa, ili wajukuu wale. Kikundi hakuna aliyekivunja. Jumanne zilipita tu, kila mtu kwake.

Uvumi wa kuzindika ulikufa, kwa kuwa sasa kila mtu alijua chanzo, na kwamba mihoro ya kikundi haikuwahi kuvuka seng'enge. Watu walimwomba Jovitus radhi kwa migomba minane, na yeye akapokea radhi zao na kuendelea kuuza. Miche aliuza pia, misafi, kwa bei ambayo si ya huruma wala si ya kikatili. Lakini aliyepata heshima kubwa ni Auleria. Watu walimpa mkono baada ya misa. Walisema, mama huyu aliona mbali, alitukataza tukambishia. Padri alimtaja kwenye mahubiri kama mfano wa sauti ya mtu mmoja anayesema kweli. Auleria alikaa kwenye benchi akitamani sakafu impokee. Kila aliyemshukuru alikuwa anamvisha nguo ya mtu mwingine, naye akaivaa, Jumapili baada ya Jumapili, kwa sababu kuivua ilikuwa ni kumvua Jovitus.

Ndipo Xaveria alipokuja. Ilikuwa alasiri, ametoka Mabira, jembe begani, mjukuu mdogo mgongoni. Alikaa kwenye mkeka jikoni. Mikono yake ilikuwa na malengelenge mapya juu ya ya zamani.

"Sijawahi kuja kukushukuru, Mama," alisema. "Siku ile ulisimama peke yako. Mimi ndiye niliyepaswa kukusikiliza kuliko wote, na niliinua mkono. Nimekuja kuomba msamaha."

Kwa watu wengine Auleria aliweza. Kwa huyu hakuweza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na karatasi kutoka chini ya godoro, akampa.

Xaveria aliitazama. "Ni ile ya Benitha."

"Geuza."

Aligeuza. Alisoma jina, akasoma tarehe. Alisoma tena.

"Ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo. Hapa, kwenye kitenge."

Mtoto alilia kidogo mgongoni, Xaveria akamtikisa bila kugeuka. "Tungeiona tungeamini," alisema.

"Mngemuua."

Xaveria alifikiri. Ni mtu mkweli, hakutaka kujibu haraka. "Labda," alisema mwisho. "Ndiyo. Labda."

"Ni mwanangu, Xaveria. Ninaye mmoja."

"Najua, Mama."

Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka kwenye mkeka, mbele ya Auleria, jina likiwa ndani. Hivyo Auleria akajua kwamba siri haitatoka kwa huyu, na kwamba hakustahili hilo pia. Xaveria alichukua jembe lake. Alipofika mlangoni alisimama, bado amempa mgongo, mtoto akimtazama Auleria kwa macho makubwa.

"Na mimi, Mama? Mwaka ule mliokuja kulima kwetu, mlikuwa mnamlimia mtoto wa nani?"

Jibu lilikuwepo, lile lile alilompa mnunuzi. Auleria alikuwa amelitoa mara elfu, kwa wageni, kwa wakwe, kwa Jovitus mwenyewe. Alifungua mdomo alitoe na mara hii halikutoka. Xaveria alisubiri kidogo, kama adabu inavyotaka mbele ya mtu mzima, kisha akamwambia abaki salama, akaenda zake.